Kuhamahama utotoni na kutotulia kazini: je, vina uhusiano?

BintiWaBwanaShamba anauliza:

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninaomba mawazo ya watu waliokulia katika familia za watumishi waliokuwa wakihamishwa mara kwa mara, na pia ya walimu au wataalamu wa malezi kama wapo.

Marehemu baba yangu alikuwa afisa kilimo. Nilizaliwa Bukoba alipokuwa akishughulikia kahawa, nikaanza darasa la kwanza Newala alipohamishiwa kwenye korosho, nikasoma madarasa ya kati Sumbawanga, na mtihani wa darasa la saba niliufanyia Singida. Baada ya hapo nilikwenda shule ya bweni, na iliwahi kutokea nikashuka kwenye basi wakati wa likizo katika mji ambao sikuwa nimewahi kuufikia, nikaelekezwa nyumba yetu na watu baki. Baba alikuwa Mpare wa Same na mama ni Mhehe, lakini katika Kipare na Kihehe sijui zaidi ya salamu. Nikienda Same kwenye msiba, ndugu hunipokea kwa upendo, kisha mazungumzo hurudi kwenye lugha yao nami hubaki nikisubiri shangazi anieleze kinachosemwa. Mchaga akinitania kwa sababu ya Upare wangu, sina la kumjibu, na utani usiojibiwa hauendi mbali.

Nilichojifunza vizuri ni kuingia mahali papya. Siku ya kwanza katika kila shule sikumkimbilia mtu. Wakati wa mapumziko nilisimama karibu na bomba la maji, kwa sababu kila mtoto lazima afike pale, nikaangalia nani anaombwa kikombe na nani ananyimwa, nani anapishwa kwenye foleni, na nani akicheka wengine nao wanacheka. Baada ya muda mfupi nilikuwa nazungumza kwa lafudhi yao. Sasa mimi ni afisa maendeleo ya jamii, na uwezo huo umenifaa sana: nikipelekwa kijiji kisichonijua, sichelewi kuelewana na wenyeji, hata wale ambao mwanzoni hawataki kutuona.

Kinachonisumbua ni hiki. Nikishakaa kituo kimoja miaka michache, nikawa namjua kila mtu na kila mtu ananijua, nguvu hunipungua, nami huanza kutafuta nafasi kwingine bila kulazimishwa na yeyote. Wenzangu tulioajiriwa pamoja wametulia mahali pamoja na leo ni wakuu wa idara; mimi husifiwa kwa uzoefu mpana. Je, hili linatokana na utoto ule, au ninautumia utoto kama kisingizio?

Swali la pili lina haraka zaidi. Nimepewa nafasi ya kwenda Songea kwa cheo cha juu kidogo, na ninaweza kuikataa. Tuliondoka Dar es Salaam kuja Dodoma baada ya Serikali kuanza kuhamia makao makuu mwaka 2016, na binti yangu alikuwa hajaanza shule. Sasa yuko kidato cha kwanza, shule ya kutwa. Yeye si mwepesi wa kuzoeana na watu kama nilivyokuwa mimi. Ana rafiki mmoja wa tangu chekechea, na huyo anamtosha. Nimwondoe?

MtotoWaStesheni anajibu:

Mwanangu, pole kwa mawazo na hongera kwa cheo. Mimi ni mzee sasa. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, nasi tuliishi Morogoro, Tabora, Kigoma na Mwanza. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928, kwa hiyo kufikia utoto wangu katika miaka ya 1960 kulikuwa tayari na watu wazima waliozaliwa na kulelewa katika nyumba za reli, na sasa wakiwalea watoto wao humohumo.

Nataka uone tofauti kati ya kuhama kwetu na kuhama kwenu. Nyumba tulizopewa zilijengwa kwa ramani moja: jiko la nje upande uleule, dirisha la uani kimo kilekile, rangi ya milango ileile. Mama alijua kabati litakaa wapi kabla mizigo haijashushwa kwenye behewa. Jirani wa Kigoma mara nyingi alikuwa mtu aliyewahi kuwa jirani yetu Tabora, na kama siye yeye, basi alikuwa anamfahamu. Watoto tulijuana kwa majina ya baba zetu na vyeo vyao: huyu wa dereva, huyu wa stesheni masta, huyu wa fundi wa karakana. Mtu akituuliza sisi ni akina nani, tulijibu kwamba ni watu wa reli, na jibu hilo lilimtosha muulizaji na lilitutosha sisi. Watoto wa askari waliokulia katika kota za polisi na kambi za jeshi watakueleza habari inayofanana na hii.

Baba yako alikuwa afisa kilimo. Huenda katika wilaya nzima walikuwa wachache wa kazi yake, na kila mlipohama mliacha kila kitu isipokuwa ninyi wenyewe mliomo ndani ya nyumba. Ndiyo maana sioni faida kubwa ya kuhesabu miji. Naona afadhali kuuliza ni kitu gani kiliendelea kuwepo mtoto alipohamishwa. Sisi tulikuwa na reli. Sijui kama ulikuwa na kitu cha namna hiyo, na kama kilikuwepo, kitafute na ukitaje.

Kuhusu kazi, nikueleze nilivyoona kwa wenzangu. Wengi tuliingia relini wenyewe, au posta, au bandarini, mahali ambapo kuhamishwa ni sehemu ya ajira, nasi tukafanya vizuri. Baadhi walioingia kazi za kukaa mahali pamoja walianza kuhangaika kama unavyohangaika wewe. Fikiri kidogo: mwaka wa nne au wa tano katika kituo kimoja ni sehemu ya maisha ambayo utotoni hukupata kuiona. Unaijua miezi ya mwanzo kuliko mtu yeyote ofisini kwenu, lakini hakuna aliyekuonyesha mtu anafanya nini baada ya ugeni kwisha. Kuna kazi zinazoanzia hapo. Kusuluhisha wazee wawili waliogombana kunahitaji mtu aliyekuwepo ugomvi ulipoanza. Kikundi cha akina mama kilichofilisika hakimwambii mgeni ukweli kuhusu fedha zilikokwenda. Humwambia mtu aliyehudhuria misiba yao. Ukiondoka kabla ya kufika hapo, utaendelea kuamini kwamba kituo kimekwisha utamu, kumbe hukuwa umekifikia.

MhadhiriWaSosholojia anajibu:

Ninafundisha chuoni, na suala hili nimelisoma kwa muda mrefu, kwa hiyo naomba nitumie nafasi kubwa kidogo.

Aliyelipa umbo la somo linalojitegemea ni mwanasosholojia wa Marekani Ruth Hill Useem, ambaye katika miaka ya 1950 alichunguza maisha ya Wamarekani waliokuwa wakifanya kazi nchini India. Aliona kwamba watoto wao hawafanani sana na Wamarekani waliobaki nyumbani wala na Wahindi, bali hufanana wao kwa wao, akawaita watoto wa utamaduni wa tatu. Maelezo ya mzee wetu kuhusu watu wa reli yanakaribiana na hayo, ingawa wao hawakuvuka mpaka wowote.

Tangu hapo zimefanyika tafiti kubwa, nami nitataja zile zinazogusa maswali yako mawili. Mwaka 2010 wanasaikolojia Shigehiro Oishi na Ulrich Schimmack walichapisha uchunguzi uliohusu Wamarekani watu wazima zaidi ya 7,000. Waliohama mara nyingi utotoni walikuwa na ridhiko dogo zaidi la maisha na uhusiano wa karibu mchache zaidi, lakini hali hiyo ilionekana kwa watu wakimya, wasiopenda kujichanganya. Kwa wachangamfu haikuonekana. Dada, kwa maelezo yako wewe uko karibu na kundi la pili na binti yako yuko karibu na la kwanza. Kwa sababu hiyo, kutumia utoto wako kama kipimo cha utoto wake kutakupotosha, hata kama nia ni njema.

Umri nao una uzito mkubwa. Nchini Denmark kila mkazi anayehama huandikishwa katika daftari la taifa, na watafiti wakiongozwa na Roger Webb wa Chuo Kikuu cha Manchester waliweza kufuatilia watu wote waliozaliwa huko kati ya mwaka 1971 na 1997. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2016, hatari ya kujaribu kujiua, ya kuingia katika uhalifu wa kutumia nguvu na ya kutumia vibaya vilevi na dawa za kulevya iliongezeka kadiri mtoto alivyohama mara nyingi zaidi, na ilipanda kwa kasi zaidi kwa waliohama wakiwa na umri wa miaka 12 hadi 14. Familia zenye kipato kikubwa hazikusalimika. Naharakisha kuongeza kwamba mambo hayo yaliwapata wachache, na idadi kubwa ya watoto waliohama walikua salama. Lakini umri unaojitokeza katika takwimu zile ndio umri wa binti yako, nami nisingependa ulipuuze hilo.

Upande wa pili upo, na una ushahidi wenye nguvu vilevile. Katika miaka ya 1990 familia maskini za Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York zilichaguliwa kwa bahati nasibu zipewe msaada wa kodi ya nyumba ili zihamie mitaa yenye umaskini mdogo zaidi. Mchumi Raj Chetty na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba watoto waliohama wakiwa hawajafika miaka 13 walikuja kupata kipato kilichozidi cha wenzao kwa takriban asilimia 31 walipokuwa vijana wa miaka ya ishirini na kitu, ilhali waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakunufaika. Huko Iceland, volkano ililipuka katika kisiwa cha Heimaey mwezi Januari 1973 na kuharibu takriban theluthi moja ya nyumba. Lava haikuchagua nyumba ya mwenye bidii wala ya mvivu, na ndiyo maana wachumi waliweza baadaye kulinganisha watoto wa pande zote mbili kwa haki. Watoto wa familia zilizopoteza nyumba, ambazo nyingi hazikurudi, walisoma zaidi na kupata kipato kikubwa zaidi ukubwani kuliko wale ambao nyumba zao zilisalimika, ingawa kisiwa chenyewe kilikuwa na neema kubwa ya uvuvi. Neema hiyo ilimfaa mwenye kipaji cha bahari. Mtoto ambaye angekuwa mwanasheria au mhandisi alihitaji kuondoka.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama kuhama kunadhuru, jiulize binti anakwenda kupata nini Songea ambacho Dodoma hakipo. Ukiniambia kwamba ni cheo chako tu, nitaona sababu ni nyembamba.

Neno moja kuhusu utambulisho wako. Umeeleza kutojua Kipare na Kihehe kana kwamba umebaki mtupu. Mtoto aliyetoka Newala kwenda Sumbawanga alikuta shule ya msingi ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili kilekile na kufuata mtaala uleule, jambo ambalo watoto wa nchi nyingi hawana hata wakihama mkoa mmoja tu. Familia kama yenu, ya Mpare aliyeoa Mhehe na kuzungushwa nchi nzima na utumishi wa umma, ni miongoni mwa zile zilizokifanya Kiswahili kiwe lugha ya kwanza ya nyumbani mbali kabisa na pwani. Huo ni urithi kamili, wenye historia yake.

Na mahali pa kuwa mwenyeji panaweza kuchaguliwa ukubwani. Barack Obama alipelekwa Jakarta mwaka 1967 akiwa na miaka 6, akarudishwa Honolulu mwaka 1971 kuishi na babu na bibi yake. Mwaka 1985 alikwenda Chicago, mji ambao hakukulia, kufanya kazi ya kuhamasisha wakazi wa mitaa maskini, kazi inayofanana sana na yako. Baada ya masomo ya sheria alirudi huko, akaoa huko, na siasa yake akaianzia huko. Sioni kinachokuzuia nawe kuamua kwamba Dodoma ndiko kwenu.

MkalimaniWaHospitali anajibu:

Shikamooni wakubwa. Naandika kutoka Marekani. Nilizaliwa Fizi, Kivu ya Kusini, na nikiwa bado mgongoni wazazi walivuka Ziwa Tanganyika, nikakulia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996. Darasani tulisoma kwa Kifaransa kwa mtaala wa Kongo, nje ya darasa tulikuwa Waswahili, na nilipokuwa kijana tukaletwa huku ambako hakuna hata moja kati ya lugha hizo iliyotusaidia dukani. Sisi hatukupewa barua ya uhamisho wala posho ya usumbufu, na pa kurudi hapakuwepo, kwa hiyo sitaki kusema hali zetu ni sawa. Lakini kuna jambo nimeliona kwako ambalo nalijua.

Nilishika Kiingereza haraka kuliko wazazi, basi nikawa msemaji wa nyumba. Nilimsindikiza mama kwa daktari, nikamweleza daktari mambo ya mwili wa mama ambayo mtoto wa kiume hapaswi kuyasikia, kisha nikamgeukia mama na kupunguza ukali wa majibu ili asiogope. Siku hizi kanuni za huku zinakataza hospitali kumtegemea mtoto kwa ukalimani isipokuwa katika dharura, na nashukuru. Hata hivyo kazi yangu ya leo ilianzia pale, naifanya kwa moyo wote, na wagonjwa Wakongomani wakisikia sauti yangu kwenye simu huanza kupumua.

Udhaifu wake niliutambua nilipoombwa kuwa msimamizi. Nikiwa katikati ya watu wawili najua kila neno liende wapi. Nikiulizwa mimi mwenyewe nataka nini, nanyamaza. Wewe dada ulisimama bombani ukiwasoma wengine, mimi nilisimama kati ya mama na daktari, na wote wawili tulipata ustadi wa kuwahudumia watu kabla hatujaulizwa maoni yetu. Pengine ndiyo maana unaondoka kila unapojulikana: ukiwa mgeni unatazama, ukiwa mwenyeji unatakiwa kusema na kuamua.

Na anachosema mzee kuhusu kitu kinachoendelea kuwepo ni kweli kabisa. Kwaya ya kanisa letu la kambini tuliiunda upya hapa, na wengi wa waimbaji ni walewale. Nisingekuwa na kwaya, sijui ningekuwa nani.

MwalimuWaUshauriNasaha anajibu:

Dada, nitazungumzia binti peke yake. Nimepokea wanafunzi wengi wa uhamisho wa sekondari. Anayefika Januari kidato cha kwanza au Julai kidato cha tano hukuta wote ni wageni, naye huchukuliwa kama wengine. Anayefika katikati ya kidato cha pili hukuta makundi yamekwisha kujipanga, na juu ya hapo kuna Upimaji wa Kitaifa wa mwezi Novemba. Ikibidi umhamishe, usimhamishe katikati ya mwaka, na uhakikishe taarifa zake za usajili wa mtihani zimehamia shule mpya kabla yake. Bweni ni njia mojawapo, lakini mtoto mkimya anayepelekwa bweni kwa sababu mama amehama huweza kuhesabu kwamba amepoteza vyote viwili.

Dalili ya kuangalia siyo machozi ya wiki ya kwanza. Ninaowahofia ni wale wanaotulia upesi, wenye heshima, wasio na kosa, ambao baada ya muhula mzima hawana jina hata moja la mwenzao wanaloweza kulitaja. Walimu tunawasifu watoto hao, na mzazi anarudi nyumbani ameridhika.

Zaidi ya yote, muulize. Katika maelezo yako yote marefu sijaona anasema nini.

BintiWaBwanaShamba anarudi:

Nawashukuru wote, mzee wangu, shikamoo sana. Nimezungumza na binti jana jioni. Hakulia wala hakukataa. Aliuliza kama baada ya Songea tutahama tena, nikashindwa kumpa jibu, akasema basi angependa amalize kidato cha pili kwanza akiwa na rafiki yake, ndipo afikiri.

Leo asubuhi nimeandika barua kuomba nafasi hiyo isubiri hadi Desemba ya mwaka ujao, baada ya upimaji, na kama haiwezekani apewe mwingine. Mkuu wangu amesema uwezekano wa kusubiri ni mdogo. Wakati huohuo nimemwomba anirudishe kwenye mradi wa vikundi vya akina mama wa Chamwino, ambao niliuacha ulipoanza kunichosha, kwa sababu maneno ya mzee kuhusu fedha za kikundi yamenigusa: kuna kikundi pale ambacho hesabu zake sikuzielewa kamwe, na nadhani sasa najua kwa nini hawakunieleza.

Kuhusu kitu kilichoendelea kuwepo, nimempigia mama simu Iringa kumuuliza. Amesema kila tulikohamia baba alihakikisha tuna bustani ya mchicha kabla hata ya kuning'iniza mapazia, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimwagilia. Nilikuwa nimesahau kabisa. Mwalimu, kama hutajali, naomba uniandikie faraghani kuhusu hiyo dalili ya watoto wanaotulia upesi, maana nina maswali zaidi.